Laptopu namba 118 ‘ipo’, lakini nani ameiona?

Saa moja na robo asubuhi, madaktari hawajaanza kuingia, Mama Stoo amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi ya hospitali. Simu yenye tochi ameibana kwa meno, mikono yake miwili imeinua kompyuta upande, anasoma namba iliyochapwa chini yake. Wagonjwa wawili kwenye benchi wanamtazama. Mmoja anamuuliza kama amedondosha hereni.

Anaitoa simu mdomoni. “Labda kazi,” anajibu, na wala hacheki.

Ni Alhamisi. Kesho wakaguzi wanaingia. Hospitali hii ina kompyuta, printa na vifaa vya mtandao 214, vyote vimeandikwa kwenye daftari la mali analolitunza yeye kwenye kompyuta. Kwa siku nne amepanda na kushuka ngazi mpaka miguu imevimba, na kwa hii ya mapokezi, 213 ameviona kwa macho yake. Kimebaki kimoja: laptopu namba 118.

Mama huyu wa miaka 48 alikaa stoo miaka ishirini na miwili akigawa mashuka, sabuni na mifagio, mpaka jina lake la kuzaliwa hata mhasibu hulitafuta kwanza kwenye karatasi. Miezi mitatu iliyopita alipewa kazi ya kutunza kompyuta, kwa majaribio. Wakaguzi wakiridhika, atathibitishwa. Wasiporidhika, hana pa kurudi. Stoo imeshapata mtu mwingine.

“Shuka halina miguu,” anasema. “Ukilipeleka wodi namba mbili, utalikuta wodi namba mbili, labda limechanika tu. Laptopu unamwachia mtu asubuhi, jioni iko kwa shemeji yake.”

Aliyemfundisha ni fundi wa kompyuta, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka kumi hivi na anayemwita dada. Kila mashine ibandikwe lebo, alimwambia, iandikwe namba yake, chumba, mtu aliyekabidhiwa na hali yake. Mama Stoo, ambaye maisha yake yote aliandika kwa kalamu, alibonyeza kitufe siku ya tatu na mistari arobaini ikapotea. Alijifungia chooni akalia. Fundi aliirudisha kwa dakika moja, na hakumtania.

Kosa lenyewe hasa lilikuja baadaye, nalo lilianzia kwenye safu ya “Hali”. Ngazi za ghorofa nne zilimwelemea, akaona apige simu. “Laptopu namba fulani ipo?” “Ipo, mama.” Akaandika: Ipo. Kwa siku moja akamaliza jengo zima, akaenda zake nyumbani anatembea kwa madaha.

Wiki iliyopita fundi alilitazama daftari, akauliza: “Mama Stoo, hizi zote ipo, ipo, ipo. Nani kaziona?”

“Nilizihesabu zile ipo,” anakumbuka Mama Stoo. “Ukimuuliza mtu ipo, atakwambia ipo. Hata mimi mgeni akiniuliza chai ipo, nasema ipo, halafu ndipo naanza kutafuta majani.”

Tangu siku hiyo ameliacha swali lile. Sasa humwambia mtu: “Igeuze, unisomee namba ya chini.” Laptopu saba zilizokuwa “zipo” zikakosa wa kuzisoma. Tatu alizikuta kwenye kabati la daktari aliyestaafu, tatu zikarudi kutoka majumbani, mojawapo ikiwa na stika za katuni.

Ya saba ni hiyo 118, ya wodi ya wazazi. Muuguzi mkuu alimwambia anayo mwenzao aliye likizo ya uzazi. Mama Stoo akampigia Jumatatu.

“Ipo, mama, hapa hapa nyumbani.”

“Asante, mwanangu. Hebu igeuze, unisomee namba ya chini.”

Akasikia kichanga kinalia. “Nitakupigia, mama.”

Hajapiga mpaka leo. Mama Stoo anapojaribu tena, mwandishi wa makala hii akiwa ameketi mbele yake, simu inaita mpaka inakata.

Nyumbani mumewe, seremala, aliumizwa mkono na msumeno mwaka jana na hajashika kazi tangu hapo. Watoto wawili bado wanasoma. Mshahara ni mmoja, wa mama. Habari ya 118 hajamweleza.

“Nasema mambo shwari,” anasema, akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Saa sita kasoro muuguzi mkuu anachungulia mlangoni. “Mama Stoo, usijitese. Andika ipo. Hao wakaguzi ngazi zetu wataziweza?”

Anaondoka. Mama Stoo analifungua daftari kwenye kompyuta. Kisha anafuta neno “Ipo”, na kwa kidole kimoja anaandika, herufi baada ya herufi: Haijaonekana. Anaongeza tarehe na jina lake.

“Naogopa, sikufichi. Lakini nikiandika ipo, nitakuwa nimeiiba mimi.”

Wakimbakiza, anataka kuifuta kabisa safu ya “Hali” na kuweka mbili mahali pake: nani ameiona, na lini. Kila mwezi atapanda ngazi mwenyewe. Ameshanunua hata raba za kupandia.

Simu inalia. Anaikwapua akidhani ni yule muuguzi mzazi. Ni mumewe, na swali lake la kila mchana tangu aumie, ambalo mkewe hulijibu kabla halijaisha.

“Mama watoto, kazi ipo?”

Leo anakitazama kioo cha kompyuta kwanza.

“Sijui, baba watoto,” anasema. “Kesho nikiiona, nitakwambia.”