Siku Nne za Matobolwa

Siku aliyoingia maabara yetu na mashine yake, yule binti alinipigia shikamoo mbele ya watu wote. Nimemzidi miaka tisa tu, na shikamoo ile ilinifanya nijione ajuza. Nikaitikia marahaba huku nimeuma meno.

"Huyu dada ndiye aliyenifundisha kushika darubini," akamwambia mkuu wetu.

Ni kweli. Alikuja kwetu kufanya mazoezi ya chuo, hajui hata kupaka damu kwenye kioo. Sasa alikuwa amerudi kutoka Dar na kimashine cha ukubwa wa simu kinachosoma vinasaba vya bakteria, nami nilikuwa palepale aliponiacha, kwenye kiti kilekile kinachoyumba. Niseme tu, nilimwonea wivu. Nafasi ya masomo iliyompeleka Dar tuliiomba wote wawili, akapata yeye.

Wasafiri ndio waliomleta. Watu walikuwa wakishuka kwenye treni na mabasi wana homa na kuhara vibaya, mmoja Usoke, wawili Nzega, wengine hadi Kigoma. Sisi tuliotesha bakteria kutoka kwenye sampuli zao, yeye akawasoma. Kisha akatuonyesha ukutani mchoro wa matawi, yote yamebanana kwenye shina moja. Wagonjwa hawakujuana, lakini ugonjwa wao ulikuwa mmoja na wote walikuwa wamepita Tabora. Akaweka na picha ya wapagazi, maana mtu akishakaa Dar hawezi kuongea na watu wa Tabora bila kuwakumbusha misafara ya zamani ya pembe za ndovu. Mkuu wetu alipiga makofi. Mimi nilijifanya naandika.

Mashine ilisema chanzo ni kimoja, ila haikusema ni kitu gani. Hilo lilihitaji kuuliza watu. Akaenda wodini na fomu yake, nami nikamfuata na vikopo vya sampuli. Kitanda cha kwanza kilikuwa na mzee mkulima wa tumbaku, aliyerudishwa kwetu kutoka Usoke.

"Babu, safarini ulikula nini?"

"Sijala kitu, mwanangu. Tangu nipande treni mpaka naanguka."

Akaandika kwamba hakula. Kitanda cha pili hivyohivyo, cha tatu hivyohivyo. Kwetu asiyegusa ugali hajala, hata kama amemaliza mfuko mzima wa karanga. Koti la yule mzee lilikuwa limetundikwa ukutani, na mfukoni niliona kifuko cha matobolwa kimebaki nusu. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Ndivyo tunavyotafuna njiani, na hakuna anayeviita chakula. Papo hapo nilijua swali la fomu limekosewa, na nilijua lipi lingefaa.

Nikanyamaza. Si ana mashine, nikasema moyoni, basi imwambie.

Siku nne alihangaika na visima na mabomba ya maji, na siku zote nne mimi nililala vizuri. Nilifurahi kumwona macho yamevimba. Mkuu alipoanza kumsemesha kwa ukali, nilimchemshia chai na kumpa pole.

Siku ya tano aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu kutoka Lusu, macho yameingia ndani. Nilimshikia nesi taa, akachoma mara nne ndipo akapata mshipa wa dripu. Bibi yake alikuwa ameketi sakafuni.

"Mama," nikamuuliza kwa sauti ndogo, "kwenye basi mtoto alitafuna nini?"

"Tobolwa tu, nilinunua juzi hapo stendi tukirudi Lusu. Alikuwa analia, nikampa anyamaze."

Nilikwenda kumtafuta yule binti, nikamwambia awaulize upya watu walitafuna nini. Wachuuzi wa stendi wakatuelekeza, na kabla ya jioni tulikuwa mtaa wa Kanyenye, uani kwa mama mmoja aliyeanika matobolwa yake kwenye turubai kando ya banda la kuku. Tulipopima vipande vyake, tulikuta bakteria walewale. Biashara ikasimamishwa. Mtoto alipona, ila alikaa wodini wiki mbili.

Kwenye ripoti, binti yule aliandika jina langu juu ya lake.

"Bila wewe, dada, tungekuwa tunapima visima mpaka leo."

Alisema kwa moyo mweupe, na hata moyo huo nikamwonea wivu.

Kabla ya kurudi Dar alibandika ule mchoro katika maabara yetu. Matawi hayana majina, yana mahali na tarehe ya safari. Tukasimama pamoja mbele yake, akaweka kidole kwenye matawi saba ya mwisho, la mtoto wa Lusu likiwemo. Wote saba walisafiri baada ya siku ile nilipoliona koti la mzee.

"Hawa saba ni wangu," akasema. "Nilichelewa kuuliza."

Nikamwambia asijilaumu, kazi hizi huchukua muda. Akanishukuru.