Alama Kwenye Mikono ya Bibi Nkwimba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Shinyanga, nilikabidhiwa aproni nyeupe iliyonizidi ukubwa na kuonyeshwa chumba cha vidonda. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Cheo changu kilikuwa dresa, yaani mtu wa kusafisha na kufunga vidonda, na hakukuwa na cheo kingine chini yangu isipokuwa cha mfagizi. Hata hivyo viatu vyangu vilikuwa vimepigwa kiwi, na mama yangu alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari.

Mkuu wa chumba kile alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, aliyejifunza kazi kwa wamisionari. Tulimwita Bwana Msimamizi. Alisema kidogo na alinawa mikono mara nyingi. Asubuhi ile aliletwa mfugaji wa umri wa babu yangu, aliyekwaruzwa na pembe ya ng'ombe kwenye muundi wa mguu. Ngozi ilikuwa imefunuka kama ukurasa wa kitabu, imejikunja upande mmoja. Nilichukua mkasi nikitaka kuikata ile iliyokunjamana, kwa sababu niliona inaning'inia tu.

"Weka mkasi chini," Bwana Msimamizi alisema. "Ngozi hiyo ukiikata utaitoa wapi nyingine?"

Kisha akanionyesha. Alichemsha maji ya chumvi akayaacha yapoe, akalowesha gozi, kile kitambaa chepesi chenye matundu madogo, akakilaza juu ya ile ngozi mpaka ikalainika. Halafu kwa pamba yenye maji akaisukuma taratibu, kidogo kidogo, mpaka ikarudi mahali pake na kufunika kidonda. Juu yake akaweka gozi lililopakwa vaselini, akazungusha bandeji bila kukaza. Nilipomletea plasta ya kushikizia ncha ya bandeji, alitikisa kichwa.

"Plasta unamwekea kijana. Mzee ukimbandika plasta, siku ya kuibandua inatoka na ngozi. Funga fundo."

Ndivyo nilivyoanza kujua kwamba ngozi ya mtu mzima sana ni kitu kingine. Chini ya ngozi ya kijana kuna mafuta na nyuzi ngumu zinazoishikilia. Miaka inavyokwenda, na jua la shambani likichoma mikono tangu utotoni, vile vitu hupungua. Ngozi inabaki nyembamba, na vimishipa vya damu vilivyo chini yake havina tena mto wa kulalia. Kugongwa kidogo tu, kimshipa kinapasuka, damu inavilia chini ya ngozi, na asubuhi unaona baka la zambarau ambalo mwenyewe hakumbuki limetoka wapi. Bwana Msimamizi alinieleza hayo kipande kipande kwa miaka niliyokaa naye, kila mara tukiwa na mgonjwa mbele yetu, na siku zote alianza kwa kumwomba mgonjwa ruhusa ya kumshika.

Miaka ya sabini, watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Kahama, njia ya kwenda Bulyanhulu. Mkuu wa kituo, Mganga Mfawidhi, alikuwa mtu mrefu kutoka Kagera, mpole, mwenye tabia ya kukuna kidevu kabla ya kujibu swali. Kisukuma alikuwa hajui hata cha kuombea maji, kwa hiyo nilikuwa dresa wake na mkalimani wake pia.

Asubuhi moja mkokoteni wa ng'ombe uliingia uwanjani. Mbele alitembea balozi wa nyumba kumi. Ndani ya mkokoteni alikaa Bibi Nkwimba, mjane mkongwe niliyekuwa nikimwona mnadani akiuza tumbaku. Mwanawe Luhende alishika kamba ya ng'ombe. Alikuwa ametoka machimboni siku chache nyuma, baada ya kukaa msimu mzima akichimba dhahabu. Nyuma kabisa, mbali na wengine, alikuja mkewe Luhende, Minza, na mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia bibi.

"Mwangaluka, mwanangu," akajibu, na akaficha mikono ndani ya kanga.

Balozi ndiye aliyesema. "Daktari, huyu kijana amemkuta mama yake ana alama mwili mzima. Anasema mkewe ndiye anayempiga. Ukoo umeshakaa. Tunataka neno lenu tu, na kama kapigwa, mwanamke huyu anarudi kwao leo hii."

"Si mwili mzima," Bibi Nkwimba alisema. "Ni mikono. Na hakuna aliyenipiga."

"Anamficha!" Luhende alisema kwa sauti iliyopasuka. "Amebaki naye peke yake miezi yote hiyo. Anamwogopa. Mama yangu hakuwa hivi nilipoondoka."

Nilimtazama Minza. Hakulia, hakujitetea. Alikuwa akimtikisa mtoto mgongoni na kutazama chini, kama mtu ambaye ameshasema yote nyumbani na hakuna aliyemsikia.

Tulimwingiza bibi ndani, tukavuta pazia. Mikono yake kuanzia migongo ya viganja mpaka karibu na viwiko ilijaa mabaka, mengine ya zambarau iliyoiva, mengine yakigeuka kahawia. Kwenye mkono wa kushoto ngozi ilikuwa imechanika, ikaachia kidonda kibichi. Nilipokuwa naloweka gozi, Mganga Mfawidhi alimuuliza, nami nikitafsiri.

"Mama, hapa hakuna mwanao wala balozi. Kuna mtu anakuumiza?"

"Mwambie kwamba nina umri wa kusema ukweli," bibi alinijibu. "Zinakuja zenyewe. Nikigusa kinu, inatokea. Nikisogeza kuni, inatokea. Minza ananiogesha, ananikatia kucha, ananisagia chakula kwa sababu meno yameisha. Angetaka kunipiga angeniacha tu na njaa."

Mganga alimtazama fizi kama zinatoka damu. Akauliza kuhusu pua, akabonyeza tumbo, akatazama mgongo, miguu na macho. Vyote vilikuwa sawa. Akauliza anakunywa dawa gani. Bibi akafungua pindo la kanga akatoa vidonge vya aspirini alivyonunuliwa na jirani katika duka la Mhindi pale Kahama. Alikuwa akimeza kila siku kwa ajili ya magoti.

"Hivi vinapunguza maumivu, lakini vinafanya damu isigande upesi," Mganga aliniambia. "Kwa ngozi kama hii, ni kuongeza mafuta kwenye moto. Tutampa kitu kingine."

"Basi tukawaambie nje kwamba hakupigwa," nilisema.

Akakuna kidevu. "Nadhani hakupigwa. Lakini mtu anayepigwa huinua mikono kujikinga, na alama zinakaa hapahapa. Nikitoka sasa nikasema nadhani, Luhende hataamini, na kama nimekosea, nimemrudisha mama huyu kwa mtu anayemuumiza. Alazwe. Minza asimkaribie. Tuone."

Uamuzi huo ulimuuma Minza, nami niliuona. Balozi alimchukua akakae kwake na mtoto. Kituoni kwetu, kama ilivyokuwa kila mahali wakati ule, ndugu ndiye aliyemhudumia mgonjwa. Kwa kuwa Minza alikatazwa, kazi yote ikamwangukia Luhende. Alipika ugali nyuma ya wodi huku moshi ukimtoa machozi, alichota maji, alimlisha mama yake uji kwa kijiko. Mikono yake ilizoea sururu, na kila alichoshika alikishika kama sururu, lakini nia yake ilikuwa njema na niliiona.

Siku ya pili yake, mchana, nilikuwa nikipita na trei yangu nilipomwona akimwinua mama yake kitandani kumpeleka juani. Bibi aliyumba kidogo. Luhende akamdaka mkono wa kulia, ule uliokuwa na nafuu, akamshikilia mpaka akasimama sawa. Akamkalisha kwenye mkeka, akamfunika miguu. Nilimwambia tu, "Siku nyingine mshike kwapani, usimshike mkono," nikaendelea na kazi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kubadilisha bandeji na nikamkuta Luhende amepiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa kulia wa mama yake ulikuwa kwenye kiganja chake, hakuubana. Juu ya ngozi ile nyembamba zilikuwapo alama mpya, ndefu, zimejipanga, na nyingine moja upande wa ndani. Mtu yeyote angeona kwamba ni vidole. Aliweka vidole vyake juu yake bila kugusa, vikalingana.

"Nilimshika tu asianguke," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Dresa, wewe ulikuwepo. Uliniona. Nilimshika tu."

Bibi Nkwimba alimtazama mwanawe, midomo ikamcheza, kisha akacheka, kicheko kilichowageuza wagonjwa wote wodini.

"Haya basi, mwiteni balozi," alisema. "Mwambieni na Luhende sasa ananipiga. Na yeye arudishwe kwao!"

Luhende hakuweza kucheka. Aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na mama yake akaweka mkono ule ule wenye alama juu ya nywele zake.

Mganga Mfawidhi aliita watu wote. Alizungumza polepole ili nitafsiri vizuri. Alieleza ngozi ya uzee, alieleza aspirini, akamwonyesha balozi zile alama na kumwambia zimetoka wapi. Alisema pia kwamba zipo alama za kuogopwa: zikitokea tumboni au mgongoni bila sababu, fizi na pua zikitoa damu, homa ikiandamana nazo, mgonjwa aletwe haraka. Na kwamba wapo wazee wanaopigwa kweli, ndiyo maana hakutaka kubahatisha. Balozi alitazama ule mkono kwa muda mrefu, kisha akakunja mkono wa shati lake mwenyewe na kuchungulia wake.

Luhende alimgeukia mkewe. "Minza, nimekukosea."

Minza alimweka sawa mtoto mgongoni. "Ulipokuwa huko mashimoni, mimi ndiye niliyekuwa nikizihesabu hizo alama na kulia, sijui zinatoka wapi," alisema. "Sina kisasi. Lakini ulinitaja mbele ya kijiji kizima. Hapa tuko watu wachache. Nenda ukaseme pale pale uliponitaja."

Alikwenda. Sikuwepo, nilikuwa zamu, lakini balozi alinisimulia. Siku ya mkutano wa kijiji, kabla ya habari za shamba la pamba, Luhende alisimama mbele ya wote akasema mkewe hana hatia na yeye alisema jambo asilolijua. Wanawake wakapiga vigelegele, na Minza akainuka akaenda nyumbani kwake kupika.

Luhende hakurudi machimboni msimu ule. Nilikuwa nikipita kwao kila nilipopata nafasi, na nilikuta nyumba imebadilika. Minza alikuwa ameshona mikono mirefu kwenye magauni ya bibi, kwa kitambaa cha shati kuukuu. Luhende alikuwa amezungushia matambara kwenye ncha za kitanda na kuhamisha kinu mbali na njia. Walimpaka mafuta mikono na miguu kila baada ya kuoga, na kucha zake zilikuwa fupi asijikwaruze akilala. Mabaka hayakuisha. Hayaishi. Lakini yalipungua, na hakuna aliyeyaogopa tena. Bibi alirudi mnadani na tumbaku yake, akaishi kumwona yule mtoto wa mgongoni akianza shule.

Miaka ya themanini nilihamishiwa Geita, nikapanga nyumba Kalangalala. Nilikwenda kwa mkuu wangu mpya, Mganga Mkuu, kuomba niwe napita majumbani kwa wazee siku moja kila wiki. Alikuwa mtu wa haraka.

"Tuna malaria, tuna kipindupindu, wachimbaji wanafukiwa na vifusi," alisema. "Wewe unanizungumzia mikono ya bibi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa sababu ya mikono hiyo kuna watu wanakaribia kufukuzwa majumbani mwao."

Nikamsimulia habari za Minza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake. "Chukua Ijumaa. Na baiskeli ya kituo." Kazi ile ya Ijumaa niliipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliifanya mpaka nilipostaafu.

Sasa nimerudi Kahama, na mikono hiyo ni yangu mimi. Nikigonga kitasa, kesho yake nina baka. Navaa mikono mirefu shambani, najipaka mafuta, na sipokei kidonge chochote kabla ya kumwambia mganga mabaka yangu. Haya ninyi vijana mnaoanza kazi hii mtayasoma vitabuni vizuri kuliko nilivyoyaeleza. Ninachotaka mkijue kutoka kwangu ni kwamba ngozi ikiwa nyembamba, mtu mwenyewe bado yupo, ana safari zake na ana maneno yake, na jambo la kwanza ni kumuuliza yeye.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba rafiki yangu mmoja, dereva wa malori mstaafu, ameacha kuja kunywa kahawa nasi. Nikamfuata kwake. Alikaa ndani, mikono chini ya blanketi.

"Kila mtu ananiuliza nimepigana na nani," alisema. "Nimechoka kujibu. Na wakinisalimia wananiminya mpaka ngozi inachubuka. Bora nikae."

Nilivua koti nikanyoosha mikono yangu mezani. Aliitazama, akatoa yake chini ya blanketi, akaiweka kando ya yangu. Tulikaa hivyo tukibishana nani ana baka kubwa zaidi, mpaka mkewe akatuletea chai na kutuuliza kama tuna akili.

Jumamosi alikuja kwenye kahawa. Nilikuwa nimewaambia wenzetu mapema. Alisimama mlangoni kidogo, amevaa shati la mikono mifupi, kisha akaja akanyoosha mkono na kuizunguka meza nzima akisalimia, mtu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliupokea kwa viganja viwili vilivyo wazi.