Mcheza Yoyo na Mkono Niliokuwa Nikiukalia

Mwaka jana nikiwa likizoni nyumbani, nilisimama sokoni Rodi Kopany mbele ya mama mmoja anayeuza mitumba ya vitu vya watoto. Alikuwa amevimwaga juu ya turubai: wanasesere wasio na nywele, magari yaliyobakiwa na magurudumu matatu, vikombe vya plastiki. Katikati ya lundo nikaona yoyo ya buluu ambayo kamba yake imeoza. Nikamuuliza yule mama kama anajua ni kitu gani. Akasema huenda ni kifuniko, na kama nitajua ni cha nini, basi nimwambie na yeye. Nilicheka. Lakini nilibaki pale jua likinichoma, kwa sababu mawazo yalikuwa yameshanirudisha darasa la nne.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikiishi na nyanya yangu, upande wa njia inayokwenda Asumbi. Mama alikuwa mpishi katika hoteli moja mjini Homa Bay na alikuja mwisho wa mwezi, akibeba mkate na kifuko cha omena, wale dagaa wa ziwani. Siku nyingine zote tulikuwa wawili tu, mimi na nyanya, na kuku wake, na sufuria ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu asubuhi mpaka harufu yake ikaingia hata kwenye sare yangu ya shule.

Mimi ni mtu wa mashoto. Kwetu mtoto wa aina yangu huitwa racham, na jina hilo nililizoea kabla sijazoea lile la ubatizo. Nyanya hakunisumbua sana. Nikifagia kwa kushoto, sawa. Nikichagua mawe kwenye maharagwe kwa kushoto, sawa. Lakini nikimpa mgeni kitu kwa mkono huo, alinitazama tu, na mimi nikabadilisha. Alizoea kusema kwamba mkono mmoja ni wa kupokea wageni na mwingine ni wa kufukuza kuku, na nyumba inaihitaji yote miwili.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi, chaki mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba mwandiko mzuri hutoka upande mmoja. Kwanza alinipiga rula kwenye vifundo vya vidole. Alipoona kalamu bado inahamia kushoto, akapata njia nyingine: niukalie mkono wenyewe. Basi nilikaa juu yake kama kuku juu ya yai, nikiandika kwa ule mwingine herufi zilizolala huku na huku. Kengele ya mapumziko ilipolia, mkono ulikuwa umekufa ganzi, mzito kama wa mtu mwingine, na nilisimama nje nikiukung'uta mpaka ile hali ya kutembelewa na siafu iishe.

Ndipo likaja gari la kampuni ya soda.

Tulilisikia kabla ya kuliona, kwa maana lilikuwa na vipaza sauti juu, na muziki wake ulitufikia tukiwa kwenye hesabu. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwambia nyanya kwamba watu wa yoyo wanakuja shuleni. Yeye alisikia nyoyo. Akaniuliza kwa mshangao mkubwa kama kweli watu wanaweza kutoka Nairobi mpaka huku ili kutuonyesha mahindi na maharagwe. Nilijaribu kumweleza, lakini hata mimi sikuwa nimeiona hiyo yoyo, na mtu hawezi kueleza asichokijua.

Walikuwa wawili. Mmoja mnene, mwenye maikrofoni, ndiye aliyesema yote. Mwingine alikuwa kijana mwembamba aliyevaa suti nyeupe ya michezo, na huyu ndiye aliyecheza. Shule nzima tulikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Kijana akavisha kitanzi cha kamba kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, akatupa chini, na ile yoyo ikafika mwisho wa kamba ikabaki palepale ikizunguka. Haikurudi. Yule wa maikrofoni akatunong'oneza kwamba imelala, tusiiamshe. Rafiki yangu, wote tukainama mbele tusikilize. Kutoka mstari wa tatu nilisikia kabisa mvumo wake mdogo. Halafu kijana akatikisa kidole mara moja tu, nayo ikapanda mkononi.

Tukaanza kubishana kwa Dholuo. Wa kulia kwangu alisema ni betri. Wa nyuma alisema ni sumaku. Wengine walisema ni dawa kutoka mpakani. Mimi nilitaka tu kuona. Kijana akaitembeza ardhini kama mbwa, akaibembeza ndani ya kamba kama mtoto ndani ya susu, na mwishowe akatoa ya pili na kucheza mikono yote miwili kwa pamoja. Hapo ndipo nikaona jambo. Yoyo ya kulia ilifanya kazi. Ya kushoto ilicheza. Sijui namna nyingine ya kulisema. Na aliporushiwa chupa ya soda aidake, mkono uliotangulia ulikuwa wa kushoto.

Baadaye wavulana walipokuwa wakisukumana ili wajaribu, nilimwona yule kijana ameenda kando ya tangi la maji kubadilisha kamba. Nilimfuata. Sikuwa mtoto jasiri, lakini swali lilikuwa limenishika. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha darasani anaandika kwa mkono gani.

Alinitazama, kisha akautazama mkono wangu wa kushoto uliokuwa umeshika nguzo ya tangi.

"Huu ndio wangu," akasema, akiinua wa kushoto. "Huu mwingine nilipewa na fimbo."

Nilimuuliza kwa nini kila baada ya mchezo aliiacha yoyo ining'inie na kujizungusha yenyewe. Akanieleza taratibu kwamba kamba hujisokota kila unapotupa, na mkono wa kushoto huisokota upande tofauti na wa kulia, kwa hiyo mtu wa mashoto asiige wenzake, bali aiache ining'inie mpaka ijifungue. Akanifungulia kamba nione kwamba haikufungwa kwa fundo. Ilizunguka tu mhimili wa katikati kama kitanzi kilicholegea, na ndiyo maana yoyo iliweza kulala. Hakukuwa na betri wala dawa.

Mwalimu wetu ndiye aliyekuwa wa zamu siku hiyo, na alikuwa amekuja kuwaita wageni wakale. Alikuwa amesikia. Tuliporudi darasani akawaambia wenzangu kwamba hata yule bingwa alirekebishwa kwa fimbo, na sasa ana mikono miwili, mtu wa kawaida ana mmoja. Nikaukalia mkono wangu.

Jioni nikamsimulia nyanya maneno yaleyale ya kijana. Alikuwa akipepeta mahindi.

"Kwa hivyo ule wa kwanza haukufa, nyakwara," akasema, akiniita mjukuu wake.

Angalia sasa. Jibu ni moja, mtu ni mmoja, na watu wazima wawili niliowaheshimu walilichukua kila mmoja akaenda nalo kwake. Nililala nikijiuliza nani amesikia vizuri.

Ugonjwa wa yoyo ukaingia shuleni. Ukikusanya vifuniko vya soda vya kutosha ulipewa moja dukani, na mama alinikusanyia vya hotelini kwake. Nilijifunza nyuma ya jiko la nyanya, kuku wakinikimbia. Niliiacha ining'inie ijifungue kama nilivyoambiwa, na kabla ya muhula kwisha niliweza kuilaza na hata kuibembeza. Shuleni sikuitoa. Niliogopa mkono wangu utaonekana.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilipeleka madaftari ofisini. Walimu wengine hawakuwapo. Mwalimu wetu alikuwa amesimama barazani, tai ameitupa begani, anajaribu yoyo. Ilishuka, ikagota, ikampiga kwenye goti. Nilitaka kurudi nyuma lakini alikuwa ameniona. Akaniuliza kama kitu hiki kinajulikana na watoto. Nikasema kidogo. Akaniambia nimwonyeshe.

Nilitoa yangu mfukoni, nikasimama mbele yake nikatupa kwa mkono wa kulia, kwa kuwa ni yeye. Ikaenda upande. Nikarudia, akajaribu kunifuata, kamba yake ikamzunguka kiganjani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ukiukabili wake wa kushoto, na kila nilipofanya hivi yeye alichanganyikiwa afanye vile. Akautazama mkono wangu, kisha wake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na nadhani aliliona kama anavyoliona umbo ubaoni.

"Tumia ule mwingine," akasema.

Sikusogea. Nilidhani ni mtego.

"Ule wako," akasema tena, kwa sauti ya chini.

Nikahamisha kitanzi. Nikatupa, ikalala. Yeye akanitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo, akageuza kiganja nilipogeuza, akaachia nilipoachia. Mara ya kwanza hapana. Mara nyingine hapana. Kisha ikalala mwisho wa kamba yake, ikivuma, na mwalimu wetu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake akacheka peke yake barazani, bila kuiondolea macho.

Kesho yake kulikuwa na imla. Niliukalia mkono kwa mazoea. Alipita kati ya madawati akisoma sentensi, akafika kwangu, akasimama.

"Toa huo mkono. Utakufa ganzi."

Akaendelea na sentensi iliyofuata. Hakulizungumzia tena, wala mimi. Mpaka leo ninaandika kwa wa kulia, kwa kuwa ulishajifunza, na yote yanayotaka upole nayafanya kwa wa kushoto: kuingiza uzi kwenye sindano, kumkata mtoto kucha.

Nyanya hayupo tena, na mwalimu alistaafu akahamia kwao upande wa Karungu, ambako nasikia alifariki. Jina la yule kijana sikulijua kamwe. Magari yale hayaji tena shuleni. Watoto wangu wakitaka kuona mtu akicheza yoyo humtafuta kwenye simu, na wakipitwa na kitu humrudisha nyuma, mara nyingi kadiri wapendavyo, huku wakila na kuzungumza mambo mengine. Siwalaumu. Lakini sisi tulijua kwamba gari likishaondoka limeondoka. Tulikuwa na asubuhi moja tu ya kuangalia, basi tuliangalia vizuri.