Msusi Aliyenyamaza

Msusi huyu alikuwa na mdomo. Wateja walimfuata zaidi kwa vichekesho vyake kuliko kwa nywele, na mumewe, fundi wa redio, alizoea kusema kwamba redio pekee iliyomshinda kuizima ni ile aliyoioa.

Halafu msusi akaanza kunyamaza. Mwanzoni ndugu walidhani ni msiba, maana mama yake alikuwa amezikwa majuzi tu. Lakini miezi ikapita. Akaacha kuoga, akawa anabandika sufuria tupu jikoni, na siku moja akajikojolea akiwa anamsuka mteja, vidole vikiendelea na kazi. Mteja aliruka akapiga kelele. Yeye hata hakushtuka.

Hospitalini walisema ni sonona, wakamlaza wadi ya wagonjwa wa akili. Dawa ziliongezwa, naye akazidi kuzama. Mdogo wake alikuja kila jioni kumlisha, roho mkononi.

"Dada, unanisikia?"

"Mmh."

Basi, hilo tu.

Asubuhi moja muuguzi alimkuta anatapika, tena anaburuta mguu wa kulia. Akamwita daktari. Daktari alimchungulia macho kwa taa ndogo, akamgeukia muuguzi.

"Apigwe picha ya ubongo leo hii," alisema. "Ilitakiwa tumpige tangu mwanzo."

Picha ilionyesha uvimbe mkubwa kama limau, nyuma ya paji la uso.

"Afadhali," mume alijikuta anasema kwenye korido.

"Afadhali nini, shemeji?" mdogo wa msusi aliuliza.

"Watu wanasema mke wangu kichaa. Uvimbe angalau nitaweza kuwaeleza."

"Na akifa, utawaeleza nini?"

Mume alikaa sakafuni, akalia.

Upasuaji ulichukua mchana kutwa. Kila mlango ulipofunguliwa, wawili hao walisimama. Ukifungwa, wanakaa tena, hawatazamani.

Uvimbe haukuwa saratani. Msusi alipopata fahamu sawasawa, alimkazia macho mumewe.

"Nani kakunyoa hivyo? Huyo mtu hakupendi."

Mdogo wake alicheka huku machozi yanamtoka.

Amerudi kazini, ingawa vidole vya mkono wa kulia ni vizito, na mwaka ule wa ugonjwa haukumbuki kabisa. Bado huitwa kupigwa picha mara kwa mara, na siku zikikaribia, nyumba nzima haipati usingizi. Hata akitulia kidogo wakati wa kula, vijiko vya wenzake husimama hewani.

"Kichwa kinauma?" mumewe huuliza.

"Natafuna, jamani! Nitajibuje na tonge mdomoni?"