Jumamosi niliyofungiwa kwa kufuli Iringo ili nipumzike, wifi akanifuata Butiama

Wakuu, habari za jioni. Haya ni ya kweli tupu. Sina hata sababu ya kuyapamba, maana mjinga ndani yake ni mimi.

Miaka miwili nimekana, leo nakiri: ile Jumamosi sikuwa Butiama kwa mama. Nilikuwa hapa Musoma, Iringo, nimekaa sakafuni chini ya dirisha la chumba changu mwenyewe.

Ilianza na daktari. Alinipima presha, akanitazama kama mwanafunzi aliyefeli, akasema, "Mama, siku mbili. Usifanye chochote."

Nina digrii mbili na sikujua hilo linafanywaje.

Nyumba yangu wikendi haiishiwi watu. Wapo wanaoleta samaki, wapo wa vikao vya harusi, wapo wanaopita "kusalimia tu" na kuondoka wameshakula ugali mara mbili. Na nisiwasingizie wageni. Mgeni hajaketi vizuri, mimi nimeshawasha jiko.

Mume alikuwa safarini, watoto wako shule za bweni. Nikampa jirani yangu Mama Juni kufuli anifungie kwa nje, na maelekezo: yeyote akiniulizia, nimeenda Butiama kwa mama kupumzika.

Hapa nitue kidogo. Mama alikuwa ananiomba tangu Pasaka niende nikalale kwake japo siku moja. Kila mara nilimjibu niko bize.

Basi saa nne asubuhi nimefunga mapazia. Samaki sikaangi, harufu ya sato ingenisaliti mtaa mzima. Natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, polepole, maana hata kutafuna kwake kuna kelele.

Mara nikasikia sauti nje. Wifi yangu, dada wa mume, katoka Kabasa kule Bunda na kuku mkononi, anataka tupange send-off ya binti yake.

"Hayupo. Yuko Butiama kwa mama yake, kaenda kupumzika," Mama Juni akasema, sauti kavu kabisa.

Wifi akacheka mpaka kuku akapiga kelele. "Kupumzika? Huyo anapumzikaga lini? Hata msibani anazunguka kuonja mboga kwenye masufuria ya watu!"

"Safari hii kasema analala."

"Haya. Nikirudi Bunda si napita Makutano? Nitakunja hapo nimfuate huko huko, nimsalimie na mama."

Wakuu, usomi wangu uliishia hapo. Mtu wa kwetu ukimwambia fulani yuko kwa mama yake, hujamzuia. Umempa ramani.

Alipoondoka tu nikampigia mama. Inaita, haipokelewi. Simu huwa anaiachaga ndani akienda shambani. Nikapiga mara kumi na moja. Nikataka nitoke nimuwahi, kufuli liko nje, na Mama Juni kaenda sokoni na ufunguo.

Kuumbuka mbele ya wifi ningevumilia. Nisichoweza kuvumilia ni mama kusikia kwa mgeni kwamba binti yake amekuja kulala kwake, wakati kitanda anachonitandikia hakijalaliwa na mtu.

Funzo nalitoa hapa kabla sijafika mwisho, maana mwisho siwezi kuuongezea kitu: ukichoka, waambie watu wako umechoka. Mimi nilidhani ni aibu, nikaona afadhali kufuli. Nanyi mliowahi kujificha ndani ya nyumba zenu wenyewe, jitokezeni hapo chini, msiniache peke yangu.

Na wifi, najua huingiagi humu, lakini kama umeingia: yule kuku alikuwa mtamu.

Saa tisa simu ikaita. Mama, mzee wa kanisa, ananong'ona.

"Nyamburi, wifi yako yuko sebuleni na kuku."

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Nyamaza, atasikia. Nimemwambia umelala chumbani, umechoka sana, asikuamshe. Na mlango nimeufunga."

Akashusha sauti zaidi.

"Uko wapi?"

"Kwangu, mama. Sakafuni."

"Panda kitandani, mwanangu. Na kesho ukitoka kanisani uje ulale huku kweli. Mimi uongo nitauweza wa siku moja tu."