Foronya ya Mkono wa Kushoto

Jirani yangu tunamwita Mama Foronya, maana kazi yake ni kushona foronya za mito na kuzitia maua kwa sindano. Walifundishwa na mama yao, yeye na mdogo wake, ambaye baadaye aliolewa nchi jirani, mji wa kwanza ukishavuka mpaka. Huyo mdogo wake hushona kwa mkono wa kushoto, basi majani ya maua yake yote hulalia upande mmoja, kama yamepigwa na upepo.

Jeshi letu lilipoivamia nchi ile, mtaa mzima ulitoka kushangilia magari ya vita. Mama Foronya alifunga dirisha. Haukupita muda redio ikasema ule mji umebaki kifusi. Simu ya mdogo wake ikawa haipatikani. Jioni tulikuwa tunasali pamoja, naye kila akifika kwenye jina la mdogo wake anaishia hapo, namalizia mimi.

Askari wakarudi na mizigo: magodoro, mapazia, hata milango. Vikauzwa sokoni peupe. Siku moja nimemsindikiza kununua uzi, akasimama ghafla mbele ya askari mmoja aliyepanga vitu chini. Akaokota foronya, akapitisha kidole taratibu juu ya maua.

"Mama, unanunua au unaichumbia?" askari akatania. Watu wakacheka.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Vitani. Kwani vipi?"

"Huu ni mkono wa mdogo wangu. Nyumba uliikutaje?"

Kicheko kikamwisha. "Ukuta mmoja ulikuwa chini, mama. Watu hakuna."

"Na jikoni?"

"Jikoni?"

"Masufuria, mwanangu. Yalikuwepo?"

Akafikiri. "Hayakuwepo. Sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuingia, nikatafuta hata kijisufuria cha chai, wapi!"

Mama Foronya akanishika mkono kwa nguvu. "Umesikia? Kabeba masufuria. Anapika mahali."

Askari akamwachia ile foronya, hakumtazama tena usoni.

Mpaka leo hakuna habari, tunamwachia Mungu. Lakini nikimkuta jikoni mchana, huniuliza, "Unadhani leo wanakula nini?"

"Labda maharage."

"Maharage? Yule? Atakuwa kayaunguza," husema akicheka, kisha hugeukia moto na kusogeza kuni.