Nilivyomtafunia Kobelo Maneno

Nilipokuwa mtoto, Kinole nzima hakukuwa na mdomo wa kushindana na wangu. Sijisifu. Haya, najisifu, lakini waulizeni. Wanaobisha ni wale wale niliowashinda kwa maneno pale bombani.

Mdogo wangu Kobelo alifika miaka mitatu bila kusema hata "mama". Watoto wa rika lake walikuwa wanaomba, wanasingizia, wanatukana. Yeye anacheka tu. Bibi, aliyetulea, akasema dawa ya mtoto asiyesema inajulikana: atafuniwe chakula na msemaji, maneno yatapita kwenye mate.

"Na msemaji tunaye," akasema, akinitazama. "Huyu Zai akilala ndiyo kijiji kinapumzika."

Nilivimba kichwa, acha! Kila asubuhi nakaa na Kobelo kizingitini, natafuna ndizi ya kuchemsha, namtia mdomoni. Majirani wakipita na mananasi kichwani wananitania, "Mwalimu, mwanafunzi kashasema?"

"Subirini," nawajibu. "Siku akifungua mdomo mtahama nyie."

Siku moja doriani likaanguka juu ya bati, puu! Bibi akamwaga chai, mimi nikakimbilia uani. Niliporudi, Kobelo yuko palepale, kaupa mgongo mlango, anapanga karafuu mbichi sakafuni. Hakuwa hata amegeuka. Nikasimama nyuma yake nikapiga sufuria kwa mwiko. Nikapiga tena. Akaendelea kupanga.

"Bibi, Kobelo hasikii."

"Koma! Unamtabiria mwenzio uziwi? Ndiyo maana maneno hayapiti, unamtafunia kwa roho mbaya."

Nikakoma. Mimi niliyewajibu watu wazima mpaka wakabadili njia, nikakoma kwa neno moja. Kesho yake nikatafuna kama kawaida. Bibi nilimwogopa, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kuvuliwa cheo. Kama tatizo ni masikio, msemaji wa nini?

Alipofika miaka saba ndipo mjomba alipotupeleka hospitali mjini. Daktari akampima masikio, akasema lugha humwingia mtoto kwa kusikia, tena miaka ile ya mwanzo; angewahishwa, kungekuwa na cha kufanya.

"Hatukujua, daktari," mjomba akasema.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nikanyamaza.

Bibi simlaumu. Alitoa dawa aliyoijua, hakuficha kitu. Kobelo sasa kijana mkubwa, anapakia mananasi kwenye magari, na akikasirika hutoa sauti inayowakimbiza watoto. Tunaelewana kwa mikono: njoo, kula, beba. Zaidi ya hapo sijui anawaza nini, na sioni nitakavyojua. Mimi bado naongea, wateja wangu sokoni wanacheka, hakuna aliyewahi kuniuliza nilijua lini.

Nilijua akiwa na miaka mitatu. Hospitali alikwenda na saba. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hesabu hiyo naiweza.